Kombe la Mashine

Printa ilitoa karatasi adhuhuri ya Jumatatu, na waya wake ulikuwa umechomolewa, umelala sakafuni.

Shifaa alikuwa uani akipepeta mchele. Alisikia ule mkwaruzo wa magurudumu, akaweka ungo chini, akaenda kuchungulia kile chumba kidogo ambacho mumewe Ammar alikiita ofisi. Karatasi moja ilikuwa imening'inia mdomoni mwa mashine. Juu yake palikuwa na uso wa paka, umegandamizwa hasa, pua bapa, macho wazi, kama kwamba mtu alimshika shingo akambana kwenye kioo. Alikuwa paka wao wa kijivu. Karatasi ilinuka zafarani, na chini ya zafarani palikuwa na harufu nyingine, ya nyama iliyosahauliwa juani.

Alimkuta paka huyo kwenye ngazi za kwenda darini. Kichwa chake kilikuwa kimekuwa bapa, unene wa chapati.

Shifaa hakupiga kelele. Alimfunika paka kwa kanga chakavu kabla bintiye Aaliya, wa miaka sita, hajatoka chuoni kusoma Kurani, kisha akakaa kwenye ngazi kuilinda ile kanga.

Mimi nasema ingekuwa heri angepiga kelele miezi mingi nyuma, siku printa ile ilipoingia nyumbani. Ammar aliinunua, ya aina yenye kioo cha kunakilia chini ya kifuniko, kwa ajili ya wageni waliopanga vyumba vyao vya juu, awachapishie tiketi zao za ndege. Haukupita muda wageni wakawa wanaonyesha simu tu uwanjani, na printa ikabaki kukusanya vumbi. "Dunia nzima imo ndani ya simu," Shifaa alikuwa akimwambia, "na sisi tumefuga jiwe. Litoe, niweke pipa langu la unga." Ammar naye, mtu wa kupenda vitu kuliko matumizi yake, alijibu kila mara kwamba ipo siku.

Siku ikaja. Baba yake, Mwalimu Idris, alikuwa mwandishi wa kombe aliyejulikana kisiwa chote cha Amu. Mwenye kuugua au kupandwa na jini alikuja kwake, na Mwalimu akatia udhu, akaandika aya kwa zafarani na marashi juu ya sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, mgonjwa akanywa. Mwalimu alipokufa, watu hawakuacha kuja. Ammar hakuwa na mkono wa kuandika. Herufi zake zilikuwa kama nyayo za kuku aliyekanyaga masizi. Alichokuwa nacho ni picha ya kombe la mwisho la baba yake, ndani ya simu.

Basi jirani yao mmoja akamleta mkewe, Israa, amefungwa kwa shuka, amejivunja vidole vyake mwenyewe kimoja kimoja huku akicheka. Ammar alitazama simu, akatazama printa. Akaifungua katriji, akaiosha wino, akaijaza zafarani na marashi, akachapisha kombe la baba yake juu ya karatasi safi, bila udhu wala kisomo, na herufi zikatoka nzuri kuliko za marehemu.

"Simu hainyweki, Mama Aaliya," alimwambia mkewe kwa majivuno. "Waona sasa?"

Karatasi ikaoshwa kwenye bakuli, Israa akanyweshwa. Akajinyonganyonga mwili mzima, akatapika kitu cheusi, na kabla hajalala, sauti isiyo yake ikasema kwa furaha, "Natoka. Nimeonyeshwa nyumba." Alipoamka alikuwa mzima, akaomba uji. Ammar akavimba kichwa. Hakuna aliyeuliza ni nyumba gani.

Sasa paka alikuwa amekufa, na Ammar, badala ya kumtafuta mtu wa kisomo, alimwita fundi. Ndiyo akili ya mwanamume aliyekosea: hutafuta kosa kwenye nyaya.

Fundi alikuwa Rufus, mwalimu wa kompyuta kutoka bara, mcheshi, aliyependwa na mtaa. Alikuja Jumanne asubuhi na begi lake, akapewa chai, akaicheka ile habari.

"Hii ni kitu ndogo, Mama Aaliya. Kuna charge ya umeme imebaki ndani, basi. Hizi mashine za zamani huwa na vituko."

"Mwalimu, usiiguse kwa mkono," Shifaa alinong'ona. Alikuwa amesimama mlangoni, hataki kuingia.

Mashine ikajikwaruza. Karatasi ikatoka taratibu, na juu yake palikuwa na mkono wa kulia wa mwanamume, kila mstari wa kiganja ukionekana, na pete ya ndoa. Rufus aliiokota, akaiweka sambamba na mkono wake. Ilikuwa pete ileile. Alicheka tena, lakini safari hii aliizungusha pete kidoleni.

"Wacha nitoe hii karatasi imekwama," alisema, na bado hadi leo hajui kwa nini alisema hivyo, maana hakuna karatasi iliyokuwa imekwama.

Aliingiza vidole. Magurudumu yakavidaka. Mfupa wa kwanza ulialika kama kuni kavu, na Rufus akapiga ukelele ambao Shifaa hakujua mwanamume anaweza kuutoa, na mashine ikaendelea kuvuta, kidole kwa kidole, kiganja kizima, ngozi ikikunjamana nyuma kama soksi inayovuliwa, huku Ammar amemshika kiuno akimvuta na damu ikiwarukia wote wawili usoni, mpaka Shifaa akachukua mchi wa kutwangia akaupiga mdomo wa mashine kwa nguvu zake zote, na Rufus akaanguka nyuma bila vidole viwili.

Majirani walimkimbiza hospitali. Shifaa alibaki amesimama na mchi mkononi, na ndipo alipoisikia mashine ikitafuna. Ilitafuna kwa utulivu, kama mzee anayekula tambuu. Kisha ikatoa karatasi nyingine. Hii haikuchapishwa kwa zafarani. Ilichapishwa kwa damu ya Rufus, ingali na uvuguvugu, na ulikuwa uso wa Aaliya.

Shifaa aliuona uso wa mwanawe, akautupa mchi. Alimpigia Ammar kelele aje na shoka. Ammar alikuja, akaliinua, akalishusha juu ya printa, na plastiki ikapasuka. Na huko uani, Aaliya, aliyekuwa ameketi kwenye jamvi akicheza na vikombe vyake, akarushwa kama aliyepigwa teke, akaanguka na mdomo umejaa damu na jino moja limelala juu ya jamvi.

"Wacha!" Shifaa alilia. "Wacha, Ammar, wampiga mtoto! Wampiga mtoto!"

Shoka likamponyoka mkononi. Mstari wa mwanga mweupe ukapita chini ya kifuniko cha mashine, polepole, kutoka upande hadi upande. Mstari huohuo ukapita juu ya uso wa Aaliya, kutoka kipaji cha uso hadi kidevu, hapo alipokuwa amelala, na ulipopita, pua ya mtoto ilikuwa imelala kidogo. Si sana. Ni kiasi ambacho mama tu angekiona. Baada ya muda mwanga ukapita tena.

Walimpigia simu Bi Umulkheir, mwanamke wa Pate aliyesoma kwa Mwalimu Idris na kuandika kwa mkono kama yeye. Alifika Jumatano asubuhi kwa mashua ya injini, mwembamba, mkali, buibui limelowa chumvi. Hakuomba maji. Alimtazama Aaliya, ambaye sasa alikuwa akipumulia mdomo kwa kuwa pua haikupitisha hewa, na midomo yake imetandazwa, jicho moja halifungiki. Akaingia chumba cha printa, akanusa, akatoka.

"Nani aliyeandika kombe?" aliuliza.

"Mashine," Ammar alijibu akiangalia chini.

"Ewe mwana wa Idris! Kombe huandikwa likaoshwa, na likisha kuoshwa limekwisha. Jini hutoka na yale mai ya kuoshea, hana pa kurudi. Lako wewe limeoshwa karatasi tu. Lenyewe limo tumboni mwa dude lile, halifutiki. Umemtoa jini kwa mke wa watu ukampa nyumba, tena nyumba yenye ufunguo, atoke aingie atakavyo!"

"Bi Umulkheir, mtoto wangu," Shifaa alisema.

Bi Umulkheir alifukiza ubani, akaketi mbele ya printa, akauliza kama jini anavyoulizwa tangu zamani, anataka nini. Aliyejibu alikuwa Aaliya, kule uani, kwa sauti ya mwanamume aliyeshiba.

"Nataka kiti. Nimechoka kulala ndani ya plastiki. Nimechagua uso huu, ni mwororo, nitaukalia vizuri."

"Ni mtoto. Hatakuhimili, atapasuka. Tukua mwengine, mtu mzima."

"Mtu mzima huwa hataki. Mtu mzima hukimbia." Mwanga ukapita, na Aaliya akatoa sauti ndogo, sauti yake mwenyewe safari hii, "Mama, yaniuma."

Bi Umulkheir aligeuka. "Mmoja wenu aweke uso pale kwa hiari yake. Jini akishaingia kwa mtu mzima nitaandika kombe la haki, nitamtoa. Lakini sitawadanganya. Kuingia kwake ni kubaya."

Ammar alipiga hatua moja. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na alikuwa akisema, "Ni mimi, kosa ni langu, ni mimi," huku miguu ikikataa kupiga hatua ya pili. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini hata mimi ninayesimulia namwonea huruma. Shifaa hakumngoja. Alimsukuma kando, akainua kifuniko, akalaza shavu lake juu ya kioo kilichopasuka.

Mwanga ulikuja kutoka kushoto, nao haukuwa mwanga wa taa, ulikuwa na uzito, ulimkanyaga fuvu kama mtu anayepanda ngazi, ukamvunja kitu kidogo ndani ya sikio, ukampita pua ikatoka damu, ukamjaza mdomo ladha ya zafarani na nyama mbovu, na kila ulipogusa palifunguka mlango ndani yake ambao hakujua anao, na katika kila mlango aliingia mtu yuleyule, hana haraka, akipangusa miguu. Huko uani Aaliya alivuta pumzi kwa pua, akalia kilio kizuri cha mtoto mzima.

Ndipo Ammar akaliokota shoka. Safari hii plastiki ilipasuka na hakuna aliyeumia. Alipiga mpaka mashine ikawa vipande, na ndani ya vipande vikaonekana vidole viwili vya Rufus na pete.

Shifaa hakuyaona hayo. Mwili wake ulikuwa ukitupwa ukutani. Mkono wake ulimshika Ammar ukamvunja mfupa wa bega kwa kuuminya tu, na meno yake yakauma kiganja cha Bi Umulkheir hadi yakakutana, na mwanamke yule wa Pate akaendelea kuandika kwa mkono mwingine, zafarani na damu yake vikichanganyika ukingoni mwa sahani, bila kukosea herufi. Majirani wanne walimlalia Shifaa. Sahani ikaoshwa, bakuli likaletwa mdomoni mwake.

Ndipo jini akamsemesha kwa ndani, kwa upole.

*Kunywa. Nitatoka, sina budi. Lakini muulize mumeo ile picha amemtumia nani.*

Shifaa alifungua macho. "Ammar," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Kombe la Baba, lile la simu. Umemtumia nani?"

Ammar alikuwa amekaa chini, bega limening'inia. "Watu waliniomba. Jamaa zetu wa Mombasa, wa Maskati. Kundi la ukoo. Na wao huwatumia wenzao. Si baraka? Nilidhani ni baraka."

*Unaona,* jini alisema. *Nyumba zangu hazihesabiki. Nitatoka kwako leo, na kesho mtu atachapisha, nami nitakuwa nimerudi. Uso wa mwanao ninao. Siusahau uso.*

*Nikikuweka?* Shifaa aliuliza kwa ndani.

*Ukiniweka, nitakaa. Sikalii viti viwili.*

Alimtazama Aaliya, aliyebebwa na jirani mlangoni, pua imerudi mahali pake, jino moja hana. Akafungua kinywa. Alipokea kombe lote, akajinyonganyonga, akaangusha kichwa kama mtu aliyeokoka, na walipomfunika uso kwa leso apumzike, alilitema lote taratibu ndani ya leso ile. Majirani wakashukuru Mungu kwa sauti. Bi Umulkheir alimtazama muda mrefu kuliko wengine, lakini kiganja kilikuwa kikimvuja, na mashua ilikuwa ikingoja.

Kwa siku kadhaa nyumba ilikuwa na amani. Shifaa alipika, alifua, alicheka na majirani waliokuja kumwona. Nyama mbichi aliila jikoni, akiwa peke yake. Usiku alitaka afungiwe chumba cha juu, akasema wagonjwa hulala vyema wakiwa peke yao, na ufunguo akampa Ammar, bila kumwambia kwa nini. Aliogopa kila saa, na kila saa alimwambia yule aliye ndani, mimi ndiye mwenye nyumba. Kwa kawaida jini alimtii.

Jioni ya Ijumaa ya wiki iliyofuata Aaliya alikuja na kitana, akaketi mbele yake amsuke. Shifaa akampaka mafuta, akagawa nywele, akaanza mkia wa kwanza. Alifurahi. Alikuwa akimhadithia habari ya sungura.

"Mama," Aaliya alisema, "waniumiza."

Shifaa alitazama chini. Vidole vyake vilikuwa vimeacha nywele. Vilikuwa vimezunguka kichwa cha mtoto, viganja viwili juu ya masikio, vikibana kidogo kidogo, kwa subira. Aliviamuru viachie. Havikuachia. Aliviamuru tena, akauma ulimi hadi ukatoka damu, na kimoja kikalegea, kimoja tu.

"Baba Aaliya," aliita polepole, asimtishe mtoto, "ndoo hapa, umtukue mwanao mikononi mwangu. Na uje na shoka."