Umelalaje, Mwanangu?

Mama mkwe alikiweka kipimo cha mimba juu ya meza ya cherehani, katikati ya barakoa nilizokuwa nashona.

"Choo kile pale, mwanangu. Nenda, halafu tuzungumze."

Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, akijifanya anatazama pazia. Kazi hiyo ilikuwa yake, nilijua. Yeye ndiye aliyenikuta nimesinzia juu ya cherehani, nimeshona barakoa yenye kamba zote upande mmoja, akaenda kumnong'oneza mama yake. "Mwanamke anasinzia mchana kutwa, chakula anakichokoachokoa, ana nini tena? Na kaka yangu yuko mpakani miezi yote hii!"

Sikuja pale kuhamia, jamani. Nilikwenda kwa siku moja, kutambulishwa ukweni, na mkoba wenye nguo mbili. Jioni ile ile mchumba wangu, dereva wa malori, akaitwa kupeleka mzigo. Kufumba na kufumbua korona ikafunga mabasi, ofisi na mipaka. Yeye akakwama huko na lori lake, mimi nikakwama kwa mama yake. Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa cherehani, nami nikashukuru kupata cha kufanya.

Kila asubuhi mama mkwe aliniuliza, "Umelalaje, mwanangu?" Nami nikajibu kama watu wote wanavyojibu: "Salama, mama."

Uongo mtupu. Nilikuwa silali. Dereva wangu aliugua huko mpakani, akawekwa karantini, akanipigia akihema. Aliniapisha nisimwambie mama yake, maana presha ingempanda. Nikaapa. Tangu hapo nililala na simu kifuani, macho makavu, nikiogopa kwamba nikisinzia tu, naye ataondoka. Baadaye akapata nafuu, lakini usingizi wangu haukupata hiyo habari. Giza likiingia moyo unaanza kunidunda, na hofu yenyewe siwezi hata kuitaja.

"Sipimi, mama," nikasema.

"Kwa nini, kama huna cha kuficha?"

"Cha kuficha ninacho. Ila si mimba."

Wifi akaguna. Hapo hapo simu yangu ikatoa mlio wa meseji. Kumbe mama alishampigia mwanawe.

*Mama ameniambia. Sitaki ugomvi, nataka ukweli tu. Ni ya nani?*

Niliisoma mara mbili. Iliniuma, sikufichi. Wa nyumbani ningewasamehe, wao waliona macho mekundu tu. Lakini yeye? Yeye aliyekuwa akikohoa sikioni mwangu mpaka alfajiri? Sentensi moja ingetosha kunisafisha, na nilikuwa nayo mdomoni. Nikaimeza. Niliapa, na siri ilikuwa yake, basi aitoe kwa kinywa chake mwenyewe. Nikampigia, nikaweka sauti ya juu, nikailaza simu kando ya kipimo.

"Umeona meseji yangu?" akauliza.

"Nimeiona. Mama yuko hapa, na wifi yuko hapa. Mwambie mama kwa nini silali."

Akashusha sauti.

"Mpenzi, hilo tuongee wawili."

"Wawili tulishaongea, ndiyo maana nimefika hapa. Ukikata simu, hakuna harusi. Siku barabara zikifunguliwa nachukua mkoba wangu naondoka, na kiapo chako nitaondoka nacho vile vile."

Hakukata.

"Mama," akasema, "mimi niliumwa. Korona. Nilikuwa napumulia mashine ya oksijeni. Nilimwapisha asikwambie. Kila usiku alikaa na mimi kwenye simu. Nikinyamaza ananiita, nisipoitika anaita tena. Halafu leo nimemuuliza upuuzi. Nimemkosea."

Mama mkwe akaketi juu ya rundo la vitambaa. Nikakimbilia maji, nikijua presha ndiyo hiyo. Akaisukuma bilauri pembeni.

"Mjinga wewe," akaiambia simu. "Presha ni yangu. Nani alikutuma umtwishe mtoto wa watu?"

Kisha akanigeukia.

"Na wewe. Kila siku nakuuliza umelalaje, unaniambia salama."

"Ningejibu nini, mama?"

"Ungesema hujalala. Mimi nami silali tangu mipaka ifungwe. Nalala chali nahesabu mabati. Si tungekaa wote sebuleni tukanywa chai?"

Hapo ndipo nililia, mbele ya wote, hata wifi. Mama akaichukua simu yangu, akaitia mfukoni mwa gauni lake.

"Nenda kalale. Zamu ni yangu."

Wifi alikiondoa kipimo mezani bila kuniangalia usoni. Nilipoingia chumbani nilikuta amenitandikia kitanda na kufunga pazia. Hatukusemezana, lakini tulielewana.

Nililala mchana ule hadi kesho yake. Naambiwa dereva wangu alipiga simu mpaka akachoka, akisihi niamshwe walau dakika moja, na mama akamjibu kwamba anayetaka kusamehewa angoje watu waamke.

Nilipotoka, mama alikuwa kwenye cherehani anafumua zile kamba zangu za upande mmoja. Akanirudishia simu. Kulikuwa na meseji moja tu.

*Nilipaswa kuanza na swali hili. Umelalaje?*

Nikamjibu. Nikaongeza kwamba mipaka ikifunguliwa aje tufunge ndoa, ila siku nyingine akisikia neno juu yangu, aanze na swali hilo hilo.

"Kasemaje huyo?" mama akauliza.

"Ananisalimia tu, mama."

"Umemjibuje?"

"Salama," nikasema, na kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile sikuwa nimedanganya.