Alama ya Bergur Zizini kwa Svanlaug

"Hebu nijibu, Svanlaug. Huyu mwanakondoo ni wa nani?"

"Si umemshika sikio? Soma mwenyewe."

Hallbera hakuhitaji kusoma tena. Alikuwa amembana mwanakondoo katikati ya magoti, kelele za kondoo zikiwa zimejaa zizi zima la kuchambulia, ambamo kila vuli bonde hugawana kondoo walioshushwa mlimani, na kidole chake gumba kilikuwa kwenye sikio la kushoto. Ncha imekatwa, pengo dogo kwa nyuma. Mkato wa Bergur, alama ya kondoo wake. Bergur wake, aliyemvisha pete mwezi wa Februari. Harusi ilikuwa Jumamosi ijayo.

Lakini mwanakondoo huyu alikuwa ameingia akimfuata kondoo jike wa Svanlaug, anamng'ang'ania kama mama yake. Na bonde zima lilijua Svanlaug wa shamba la Hvammur alikuwa nani kwa Bergur. Walikaa nyumba moja miaka mitatu, kabla ya Hallbera.

Aliyemwita Hallbera zizini hapo ni binamu yake Fjola. Ujumbe wake ulisema: "Bera, acha supu ya mchana. Njoo upande wa Hvammur uone sikio la kondoo. Mimi simo."

Na huyo asiyekuwemo alikuwa tayari ameshapanda ukuta wa zizi aone vizuri.

"Wanakatwa masikio wakiwa wachanga," Hallbera alisema. "Mwezi wa Mei. Kwa hiyo Mei Bergur alikuja kwako na kisu chake."

"Alikuja."

"Usiku?"

"Mei gani ina usiku huku kwetu, mpenzi? Giza lenyewe haliingii."

Fjola akacheka juu ya ukuta, akajiziba mdomo.

"Usiniite mpenzi. Alilala kwako?"

"Muulize akishuka mlimani. Mimi sijakuvisha pete."

Hallbera akamwachia mwanakondoo.  Mei yeye alikuwa mji mkuu, Reykjavik, kwenye mitihani ya mwisho ya uuguzi, na kila jioni alimpigia Bergur simu. Alikumbuka moja neno kwa neno.

"Uko wapi?"

"Zizini kwetu. Kondoo wanazaa, silali."

"Hujapita Hvammur?"

"Hvammur nifuate nini, Bera?"

Alicheka alipoyasikia. Alilala usingizi mtamu usiku ule, mjinga yeye!

Akatoa simu, akamwandikia mama yake: "Mama, piga simu kanisani. Harusi hakuna."

Bergur alishuka na kundi la mwisho, amechoka juu ya farasi, sauti imemkauka kwa siku nyingi za kuswaga kondoo mlimani. Alipomwona Hallbera alitabasamu. Akaona uso wake, tabasamu likafia njiani.

"Shuka," Hallbera alisema.

"Kuna nini?"

"Shuka kwanza. Mei, nilipokuuliza kama umepita Hvammur, ulikuwa wapi?"

Bergur akamtazama Svanlaug kabla ya kumtazama yeye. Kule kutazama kulimchoma Hallbera kuliko ule mkato wa sikio.

"Mtazame tu! Labda atakusaidia jibu."

"Nilikuwa Hvammur," Bergur alisema.

"Sema kwa nguvu. Fjola hajasikia."

"Nimesikia," Fjola alisema.

"Uliniambia ufuate nini Hvammur."

"Nilikuongopea, Bera."

Majirani waliokuwa karibu wakajifanya wanatafuta kondoo wao. Hallbera akavua glovu, akavuta pete. Ikagoma. Vidole vilikuwa vimevimba kwa baridi na kushika pembe tangu asubuhi. Akavuta huku machozi yanamlenga, mpaka ikatoka na ngozi kidogo, akamwekea kiganjani.

"Mpe mwenye kondoo."

"Bera, Mosa amekufa."

 Mosa alikuwa kondoo jike wa kijivu, zawadi ya mwisho ya baba yake Hallbera, Eyvindur, kabla ugonjwa haujamchukua. Mara nyingi alipopiga simu kutoka mjini alimuulizia, na kiangazi kizima alidhani yuko malishoni mlimani.

"Lini?"

"Mei. Akizaa. Asubuhi yake ulikuwa na mtihani. Nilishika simu, nikaiweka. Nikaishika tena. Nilishindwa. Na mwanawe amebaki analia. Kondoo wa Svanlaug alikuwa amezaa mfu siku hiyohiyo. Nikampeleka yatima huyo Hvammur. Tukamchuna yule mfu, tukamvisha wa Mosa ngozi yake, tukangoja yule mama amnuse na kumdhani wake. Alimpiga kichwa mara nyingi kabla hajamkubali."

"Kwa hiyo huyu ni mwana wa Mosa?"

"Ndiye."

Wivu wa Hallbera haukupoa. Uligeuka tu, ukapata pa kushika pengine.

"Na ukampiga alama yako! Mwana wa kondoo wa baba yangu, Bergur! Baba amelala kaburini, wewe umeshika kisu unajimilikisha!"

Bergur akamtazama kwa utulivu uliomuudhi zaidi.

"Umemshika masikio yote mawili?"

Hallbera akamtafuta mwanakondoo kwa macho. Alama ni masikio mawili. Mtoto wa mfugaji hufundishwa hilo kabla ya kujua kusoma, na hakuna anayemtambua kondoo kwa upande mmoja. Yeye aliliona la kushoto, damu ikampanda kichwani, basi.

Svanlaug alikuwa ameshamkamata mwanakondoo kwa pembe. Akamsogezea Hallbera.

Sikio la kulia lilikuwa limegandwa na tope. Hallbera akalisugua polepole. Chini ya tope, ncha ilikuwa imepasuliwa katikati, moja kwa moja, bila pengo. Mkato wa Eyvindur. Kwao walikuwa wakisimulia kwamba ulivuka bahari na kondoo wa kwanza ndani ya mashua za Waviking, na tangu hapo haujawahi kukosa mrithi.

"Kulia baba yako, kushoto mimi," Bergur alisema. "Ni alama mpya, yetu. Nimeshaiandikisha, hakuna mwingine nchi nzima aliye nayo. Nilitaka leo nikuletee umsome mwenyewe, na hapohapo nikwambie habari za Mosa. Nilidhani nitakuwahi."

Hallbera hakuondoa kidole pale. Alimgeukia Svanlaug.

"Ulijua yote haya. Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu umeniuliza kama mwizi, mbele ya bonde zima." Svanlaug akafuta mikono kwenye sweta. "Na tuseme ukweli, nilijaribu kumrudisha. Nilimwambia kahawa ipo na kitanda kipo. Kahawa aliinywea mlangoni, buti miguuni. Sasa leo nikaona acha na wewe uonje kidogo. Mimi ninao wivu huu tangu Februari."

Hata Fjola hakucheka.

"Wivu unauma," Hallbera alisema.

"Ndiyo hivyo."

Mwanakondoo katikati yao akapiga teke.

"Wewe," Hallbera akamwambia Bergur. "Uongo wako bado ni uongo."

"Najua."

"Kondoo wangu akifa, niambie, hata kama niko katikati ya mtihani. Nitalia, kisha nitaandika."

"Nitakwambia."

"Na ukienda Hvammur?"

"Nitakwambia kabla sijaenda."

"Hapana, tutakwenda wote. Na kahawa nitainywa nimekaa kitini."

"Uje na keki," Svanlaug alisema. "Mimi si hoteli."

Hallbera akanyoosha mkono. Bergur akamvisha pete taratibu, akikwepa pale palipochubuka. Ndipo Hallbera aliposhtuka, akachomoa simu kwa vidole vyenye tope.

"Mama! Umeshapiga kanisani?"

"Kuwaambia nini?"

"Ule ujumbe wangu!"

"Aa, ule." Vyombo vililia upande wa pili. "Bera mwanangu, tangu Februari umeshafuta harusi hii mara tatu. Ya kwanza sababu ilikuwa picha ya zamani, ya pili skafu iliyosahauliwa kwenye gari. Leo ni nini?"

Hallbera akamtazama mwanakondoo.

"Sikio, mama."

"Sikio. Haya. Maliza kuchambua kondoo, uje unisaidie kuosha sufuria. Na Bergur mwambie nguo zake za harusi nimeshazipiga pasi."