Bahasha ya Kometa

Jumamosi, tarehe 16 Machi, mwaka 2019, saa tano za asubuhi, katika ukumbi wa maonyesho katikati ya jiji la Toronto, Valeria alimtazama kijana mmoja akipoteza ng'ombe kumi na wanne kwa dakika tatu, akacheka mpaka akajishika mbavu.

Ng'ombe hao walikuwa wa kwenye kompyuta. Valeria mwenyewe ndiye aliyewaumba, pembe kwa pembe, kwa muda wa miaka mitano, kila alipotoka zamu katika ghala la vipuri kule Downsview. Mchezo wake aliuita Mnada wa Katesh, kwa kuwa Katesh, mji wa minada ya mifugo, ndiko alikozaliwa. Mchezaji alitakiwa kuswaga mifugo hadi mnadani, kupatana bei na watu wenye ndimi laini, kisha kurudi nyumbani bila kulizwa. Siku hiyo alivaa koti la kitenge cha manjano aliloshonewa na shangazi yake, na nywele zake alizisuka kwa mistari iliyonyooka kama mashamba ya ngano. Kijana alivaa suti ya buluu, na viatu vya ngozi vilivyokwisha kuliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji.

"Dada, ng'ombe wangu wamekwenda wapi?" aliuliza kijana, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Tanga.

"Umewauza mwenyewe. Yule mzee mwenye fimbo alikusifia viatu, ukalegea."

"Basi mchezo wako ni mwongo. Viatu vyangu ni vibaya, hata mimi nalijua hilo."

"Ndiyo maana aliyevisifia ulipaswa kumwogopa."

Kijana alicheka kwa sauti, watu wa meza ya jirani wakageuka. Aliitwa Salman. Alizaliwa Tanga, wazazi wake wakamleta Canada akiwa na umri wa miaka tisa, akakulia Thornhill, kaskazini mwa Toronto. Alitoa kadi yake ya kazi, naye Valeria alipoisoma, kicheko kikamkauka.

"Ah! Kumbe wewe ni mtu wa Kometa."

"Unatamka kama vile umesema mtu wa jela."

Ilipasa ajihadhari. Wakati huo maduka mawili ya mtandaoni yalikuwa yakigombea michezo ya kompyuta kama fisi wawili na mfupa mmoja. Atlasi lilikuwa duka la zamani, ambalo karibu kila mchezaji alikuwa amehifadhi humo michezo yake yote. Kometa lilikuwa jipya, lenye fedha nyingi na haraka nyingi. Liliwaendea watengenezaji wa michezo na kuwaambia: tuuzieni sisi peke yetu kwa mwaka mzima, nasi tutawalipa kabla hamjauza hata nakala moja. Wachezaji waliichukia biashara hiyo kwa moyo wote. Na Valeria alikuwa amekwisha kuwaahidi wachezaji elfu kumi na moja, waliokuwa wakiungojea mchezo wake, kwamba ungetoka Atlasi.

"Sikuja kwa ajili ya kazi," alisema Salman. "Nimesikia ng'ombe wakitukanwa kwa Kiswahili, miguu ikanileta yenyewe."

Valeria alimwamini. Hapo ndipo lilipoanzia jambo lililomkosesha usingizi tangu siku hiyo: je, mwanamume huyu anamtaka yeye, au anautaka mchezo wake?

Mapenzi yalikua upesi. Salman alikuwa akiendesha gari kutoka Thornhill hadi Mount Dennis, alikoishi Valeria na shangazi yake Leokadia, akimngoja nje huku akipiga simu.

"Tajiri wa Katesh, teremka. Nimekuletea sambusa za mama."

"Mama yako anajua zinakokwenda?"

"Anadhani nina minyoo. Kila siku anauliza nimezila vipi kumi na mbili peke yangu."

"Mwambie ukweli."

"Nitamwambia, laazizi. Kila jambo na wakati wake."

Mara chache Salman alizungumzia mkataba wa Kometa. Alimtumia barua pepe tatu, Valeria hakuzijibu, wala yeye hakumlaumu. Mwanzoni mwa Juni, Valeria alimweleza kwamba mwakilishi wa Atlasi angekuja Jumatatu inayofuata ili waafikiane: mchezo wake ungewekwa ukurasa wa mbele katika tamasha lao la kiangazi.

"Jumapili mtakuwa nyumbani?" Salman aliuliza. "Nataka kuja mpaka ndani safari hii. Nina kitu cha kubadili maisha yetu sote wawili."

Hakulala Valeria usiku huo, wala shangazi yake hakulala.

Jumapili, tarehe 9 Juni, gari la Salman lilikuwa kwa fundi, na kwa hiyo alimwomba ami yake, mzee Jamaludin, amwendeshe. Mzee Jamaludin alikuwa mtu wa adabu za kale. Hakuweza kuingia nyumba ya watu mikono mitupu. Akapitia dukani, akanunua kasha la halua. Alivaa kofia nyeupe na koti jeusi lililopigwa pasi. Basi shangazi Leokadia alipofungua mlango aliona nini? Mzee mwenye heshima zake, kijana nyuma yake akiwa ameinamisha macho, kasha la halua, na bahasha nyeupe ndefu.

"Karibuni, karibuni sana," alisema. "Mmetujia kwa heri?"

"Kwa heri kabisa, mama," alijibu mzee Jamaludin. "Kijana ana shauri lake na binti yenu. Mimi ni msindikizaji tu."

Hivyo ndivyo anavyosema kila mshenga. Shangazi Leokadia alileta sinia, akalitandika kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake, akaipokea bahasha kwa mikono miwili na kuilaza juu yake. Kisha akapiga vigelegele vilivyosikika hadi ghorofa ya saba. Majirani wakafungua milango. Valeria alitokea jikoni, mikono ikiwa na unga, machozi yakimlengalenga. Barua pepe za Kometa alikuwa amezoea kuziona kwenye simu. Karatasi ndani ya bahasha, iliyoletwa na mzee, ingekuwaje kitu kingine isipokuwa posa?

Salman alifungua mdomo. Alimtazama Valeria, akaitazama bahasha, kisha akaufumba.

"Kwetu hatufungui mbele ya wageni," shangazi alimweleza. "Wakubwa wataisoma, nanyi mtaletewa majibu."

"Tutasubiri, shangazi," alisema Salman.

Jioni ile ile Valeria alimwandikia: *Nimewaambia Atlasi wasije. Sitaki shauri lingine lolote wiki hii ila letu.* Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu mezani: *Umefanya vyema, laazizi.*

Jumatano wanawake wa jumuiya walikusanyika kwa shangazi Leokadia, wakiwa na khanga mpya na chai ya maziwa. Kwa kuwa barua ilikuwa ya Kiingereza, alipewa Générose, jirani Mkongomani aliyekuwa karani, aisome na kuwafasiria. Générose alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza wa pili, akavua miwani.

"Mais, mama Leokadia," alisema polepole, "hii haiko ndoa. Wanaomba mchezo. Mwaka moja, kwao peke yao. Hapa chini wameacha nafasi ya kutia sinyatire, ile saini."

Brightness, mmoja wa wanawake hao, ambaye hakuwahi kumpenda Valeria, akacheka ndani ya kikombe chake.

"Si mbaya, shangazi. Pokea tu posa. Hiyo kompyuta nayo ni mwanao, na yenyewe imepata mchumba kabla ya mwenye nayo."

Wengine walijizuia, wakashindwa. Shangazi Leokadia alikitoa kitambaa chake kwenye sinia, akakikunja mara nne, akaingia nacho chumbani, asitoke mpaka wageni wote walipokwisha kuondoka.

Valeria alimpigia Salman mara tisa. Hakupokea. Alfajiri ilikuja barua pepe rasmi, isiyo na jina la mapenzi: Kometa lilikuwa likingojea saini kabla ya Ijumaa. Aliwapigia Atlasi, nafasi ya tamasha walikuwa wamekwisha kumpa mwingine. Kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia. Akatia saini.

Mchezo ulitoka Septemba. Wale elfu kumi na moja hawakuununua, walimwandikia. *Msaliti. Umetuuza. Rudi kwenu na ng'ombe wako.* Kometa, lililokwisha kupata michezo mikubwa zaidi, liliuweka wake chini kabisa, mahali pasipofikiwa na jicho. Valeria aliyasoma matusi yote, moja baada ya moja, wakati wa chakula cha mchana ghalani, kana kwamba ni adhabu aliyopangiwa.

Hata hivyo moyo una ukaidi. Miezi ilivyopita alimtungia Salman utetezi. "Aliondoka Tanga akiwa mtoto, shangazi. Mtoto wa Thornhill atajua nini habari za posa? Alidhani mnafurahia mkataba."

"Muulize," alisema shangazi.

"Hakuna haja."

"Kama hakuna haja, mbona unaogopa?"

Novemba Salman alipiga simu. Alikuwa ameacha kazi Kometa. Alilia, akaomba radhi kwa kutokupokea simu, kwa mkataba, kwa kila tusi aliloandikiwa Valeria. Siku ya tatu alimchekesha. Siku ya kumi alimwita laazizi, naye akaitika. Juu ya Jumapili ile hakusema neno, wala Valeria hakumwuliza; waliizunguka kama watu wanavyozunguka shimo wasilotaka kujua kina chake.

Ijumaa, tarehe 20 Desemba, saa sita mchana, Salman alimngoja kwenye lango la ghala. Theluji ilikuwa ikianguka. Alikuwa amevaa koti la bei rahisi na kofia ya sufu iliyomfunika nyusi, na mkononi alishika pete.

"Mama yangu anajua," alisema. "Amegomba, amenuna, leo asubuhi ameniuliza unapenda biriani ya nini. Nioe, Valeria. Samahani, nimesema vibaya. Nikuoe."

Valeria alicheka. Alikuwa amekwisha kukubali. Miguu yake ilikuwa imekubali kabla yake. Lakini alimkumbuka shangazi yake chumbani, na akataka ampelekee neno moja tu la kumponya.

"Jumapili ile," alisema kwa upole, "ulikuwa hujui, sivyo? Hukujua shangazi amedhani nini."

Alimtilia jibu mdomoni. Ilibaki alimeze tu.

Salman aliivua ile kofia ya sufu.

"Nilijua," alisema. "Dada zangu wawili waliposwa vivyo hivyo, sebuleni kwetu Thornhill. Shangazi alipotandika kitambaa, nilijua. Nikawaza, ukifurahi, utawafukuza Atlasi. Na ulipowafukuza, nikamwonyesha mkubwa wangu ujumbe wako. Sitaki tuanze ndoa na uongo."

Theluji iliendelea kuanguka. Valeria hakupiga kelele.

"Ungesema hukujua," alimwambia, "ningefuatana nawe leo hii, na ningekutetea mpaka kaburini."

"Kwa hiyo ulitaka nikudanganye?"

"Nilitaka unambie ukweli siku ile, ulipokuwa na gharama kwako. Leo umeutoa bure, Salman, na anayeulipia ni mimi tena."

Aliukunja mkono wa Salman, kidole kwa kidole, mpaka pete ikafichika. Kengele ya zamu ililia. Akaingia ndani, akavaa glavu, akaendelea kupanga vipuri pale alipokuwa ameishia.

Ndugu msomaji, hadithi hii usiifungie kabatini. Msomee mwenzio asiyejua kusoma, kisha mpe jirani. Na kama una kaka au mwana anayengojea wakati mzuri wa kusema kweli, anza na huyo.