Nimefika, Nimeona

Asubuhi ile Wumpini aliikuta pikipiki yake imesogezwa hatua tatu kutoka pale alipoiegesha. Mlinzi wa ofisi aliapa kwamba hakuigusa, na mlinzi mwenyewe alikuwa mvivu hata wa kufukuza nzi. Mahali pake kivulini palibaki patupu, pananuka udongo wa kichuguu uliolowa, na mji wa Tamale ulikuwa haujaona mvua tangu Oktoba.

Wumpini alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya mipango miji. Ni cheo kidogo, ila mpe mtu rula na muhuri uone, atadhani ardhi kaiumba yeye. Wiki iliyopita alishughulikia jengo jipya la maduka, mali ya shemeji yake Alhaji Dokurugu, mwenyekiti wa kamati ya kuidhinisha ramani. Sheria ilidai nafasi arobaini za kuegesha magari, na kiwanja kilitosha ishirini na mbili. Wumpini akazichora kumi na nane zilizobaki kwenye uwanja wa nyuma, akaandika "patupu", kisha akajaza fomu ya ukaguzi: Nimefika, nimeona.

Hakufika. Jua lilikuwa kali, na mwenyekiti alikuwa ameleta kanga wa kuchoma. Mwislamu mzima akaandika uongo kwa ajili ya paja la kanga.

Hapo "patupu" palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu, ambacho wenyeji hawakichimbi wala hawakikojolei. Tingatinga lilikisawazisha kesho yake kabla ya adhuhuri, bila kungoja kamati.

Baada ya pikipiki ikawa zamu ya kiti chake ofisini, ambacho kila alipokikalia alikikuta kina joto. Ijumaa, msikitini, imamu aliagiza safu zikazwe, lakini ubavuni mwa Wumpini palibaki pengo la mtu mmoja. Kila aliyesogea kuliziba alirudi nyuma bila kujua kwa nini.

Jumapili mkewe, Sanatu, alimshika mkono mlangoni.

"Baba Katumi," alinong'ona, "nani kapaka chokaa humu?"

Mistari mitatu myeupe ilikuwa imenyooka sakafuni, hatua tatu kwa sita, kipimo kilekile alichokichora mara kumi na nane, na katikati yake, juu ya mkeka, alilala binti yao Katumi, mtoto wa miaka saba, macho wazi, hasemi, na Wumpini alipojaribu kumwinua alimkuta mzito kama jiwe la kusagia, naye akavuta, akalia, akavuta tena, huku harufu ya udongo mbichi ikijaa chumbani na mngurumo wa kitu kinachorudi nyuma taratibu, kama gari linalotafuta nafasi yake, ukisogea ukutani, ukisogea mlangoni, ukisogea hadi kisogoni mwake, ukakoma, na sauti kavu ikasema sikioni: "Nimefika. Nimeona."

Sanatu alimkimbilia Afa Ziblim, mwalimu wa chuo cha Kurani. Mzee akaja, akasoma tangu alasiri hadi magharibi, kisha akafunga msahafu.

"Afa, amekataa kutoka?" Wumpini aliuliza.

"Amekaa ananisikiliza. Ana adabu kukushinda." Mzee alimtazama kama mtu anayetazama kandambili iliyokatika. "Jini naye ni kiumbe wa Mungu, bwana. Haabudiwi, wala hanyang'anywi pake. Umemwandikia nini?"

Wumpini alieleza yote, mpaka paja la kanga.

"Mlango wake ni huo uongo wako. Kaufute mbele ya walewale uliowaandikia; atakayeushika baada yako, mlango ni wake. Na fanya haraka, pumzi ya mtoto inapungua."

Kesho yake saa nne kamati ilikutana kuthibitisha ramani. Wajumbe watano, mwenyekiti akiwemo, walikuwa wamemaliza kanga wa kuchoma, sasa wanatafuna kokwa za kola. Wumpini alisimama.

"Waheshimiwa, sikufika. Sikuona. Pale hapakuwa patupu, pana mwenyewe. Nilidanganya nikala kanga. Naomba nafasi zile kumi na nane zifutwe."

Wakacheka hadi mmoja akapaliwa.

"Pana mwenyewe? Nani, jini?" aliuliza Alhaji Dokurugu. "Jini wako ana leseni?"

"Muulize ana gari gani, tumtengee kivuli!" mjumbe mwingine akadakia.

"Alhaji, binti yangu anakufa."

"Mpeleke hospitali, bwana mkubwa. Sisi hapa tunajenga mji." Mwenyekiti akajifuta midomo. "Wanaokubali ramani ibaki kama ilivyo?"

Mikono mitano ikapanda, minene, bado na mafuta.

"Na wewe kesho usije kazini."

Wumpini alirudi kwa miguu, maana pikipiki ilikataa kuwaka. Alimkuta Katumi amekaa jikoni kwa mama yake, anamega ugali wa tuo, analalamika mchuzi umepoa. Sakafuni hapakuwa na mstari. Akasujudu palepale, kwenye majivu.

Ijumaa alisimama msikitini, na bega la jirani likagusa bega lake. Machozi yakamtoka. Ndipo alipotazama mbele, kwenye safu ya wakubwa, akaona mapengo matano, moja ubavuni mwa kila mjumbe wa kamati.

Alhaji Dokurugu alikuwa ananusa huku na huku. "Nani kaja na udongo humu?" alinong'ona kwa hasira.

Juu ya zulia, kulia na kushoto kwake, mistari miwili myeupe ilikuwa imekwisha kunyooka, na wa tatu ulikuwa unakuja nyuma ya visigino vyake, taratibu, kama gari linaloingia mahali pake.