Sura ya Jarvell Kwenye Mfuko wa Karanga

Kila Ijumaa jioni ya msimu wa mpira, nyumba ya Babu Roscoe ilinukia karanga. Sufuria kubwa ilikaa juu ya jiko la gesi kwenye baraza ya nyuma, maji ya chumvi yakitokota, na mjukuu wake Marvella, msichana wa miaka kumi na miwili, akikoroga kwa mwiko mrefu mpaka mabega yakamuuma. Karanga za kuchemsha hazitaki pupa. Ukizitoa mapema ni ngumu kama kokoto; ukizisahau zinakuwa uji.

"Onja," Babu alizoea kusema.

"Bado kidogo, Babu."

"Basi koroga. Wewe si ndiye unayetaka tarumbeta?"

Ndiyo, Marvella alikuwa anataka tarumbeta. Katika bendi ya shule alipewa la kuazima, tena kitufe chake kimoja kilikuwa kinakwama katikati ya wimbo, wenzake wakacheka. Mama yake, aliyefanya kazi ya usiku hospitalini, alimwambia wazi: "Mwanangu, mimi nimebanwa na kodi ya nyumba. Hilo tarumbeta litafute mwenyewe, nami nitakuombea." Marvella akaazimia kulipata kabla ya Krismasi.

Pale Larkin, katika jimbo la Georgia, Jumamosi ya mechi haikuwa siku ya kulala. Uwanja wa chuo uliingiza watu wengi kuliko mji wenyewe. Tangu asubuhi magari yalimiminika, na kila mwenye nyumba jirani na uwanja aligeuza majani ya ua wake kuwa maegesho ya kulipia. Watu walichoma nyama nyuma ya magari yao, watoto wakirushiana ule mpira wenye umbo la yai. Babu Roscoe alisimama barabarani na kibendera chekundu, akichechemea huku na huko, akiyaita magari kwa sauti nzito. Marvella yeye alipeleka meza yake kwenye kona, karibu na lango la uwanja.

Tatizo ni kwamba kona ile ilijaa wauzaji. Watu walipita, wakatazama, wakaenda zao.

"Karanga ni karanga tu," alisema Lanette, rafiki yake aliyekuwa hodari wa kuchora. "Nani atajua zako ni tamu kabla hajaonja? Mifuko yako haina picha, mitupu kama ukuta. Niachie niichore sura ya Jarvell, uone."

Jarvell Stancil alikuwa mkimbiaji wa timu ya chuo, jezi namba nane. Akishika mpira, uwanja mzima ulisimama. Lakini kwa Marvella alikuwa pia yule kijana aliyekaa benchi la mwisho kanisani kwao, kwa sababu magoti yake hayakuenea kwenye mabenchi ya mbele, na ambaye kila Jumapili alikuja kula chakula cha mchana kwa Babu Roscoe.

"Tumuulize kwanza?" Marvella aliuliza.

"Umuulize nini? Mtu anakula kuku wenu kila Jumapili! Halafu siku hizi wachezaji wa chuo wanalipwa. Yule ana pesa, hata hatajali."

Marvella alisita kidogo. Kisha akakumbuka kile kitufe kinachokwama. "Haya, chora."

Lanette alichora jioni nzima kwa kalamu za rangi. Jumamosi iliyofuata karibu mifuko yote iliisha kabla mechi haijaanza. Mtu mmoja mwenye kofia ya timu alinunua mitano kwa mpigo. "Namba nane!" alipiga kelele. "Hizi ndizo karanga!" Hata hakuonja.

Kopo la Marvella la kuwekea pesa likawa zito. Lakini mifuko michache iliyobaki hakuirudisha jikoni. Aliisukuma chini ya kitanda chake. Mtoto anayeficha kitu chini ya kitanda huwa tayari anajua jibu la swali ambalo hakuuliza.

Kesho yake, Jumapili, Jarvell hakuimba kanisani. Mezani Babu alipomaliza sala, kijana yule alimsukuma kuku wake pembeni ya sahani.

"Kijana wangu, unaumwa nini?" Babu aliuliza. "Jana si mlishinda?"

"Tulishinda, Mzee Roscoe. Lakini jana hiyohiyo Bi Pruitt alinipigia simu."

Bi Corinne Pruitt alikuwa mwenye kituo cha mafuta pale njia panda, ambako kando ya mlango masufuria mawili ya karanga yalitoa mvuke tangu asubuhi hadi usiku. Marvella akaweka uma wake chini taratibu.

"Ananilipa kila mwezi," Jarvell akaeleza. "Picha yangu iko kwenye vikombe vyake vya karanga. Tuliandikiana mkataba kwamba hakuna karanga nyingine yoyote itakayobeba sura yangu. Sasa jana kaona mteja ana mfuko wenye sura yangu na namba nane. Anasema nimeiuza sura yangu mara mbili. Nimemwapia, haamini. Amenipa mpaka kesho jioni. Nisipompa maelezo ya kweli, anavunja mkataba, tena anapeleka habari chuoni."

"Na hizo fedha unazitegemea," Babu akasema.

"Ni kodi ya nyumba ya mama yangu, Mzee. Tangu kiwanda cha kuku kilipompunguza kazini, hana kingine."

Kodi ya nyumba. Marvella aliyakumbuka maneno yaleyale ya mama yake.

Babu Roscoe alilisugua goti lake bovu, kama alivyofanya kila alipofikiri.

"Angalau ninyi sheria inawaruhusu kulipwa," alisema. "Enzi zangu ilikuwa mwiko. Chuo kilinipa kitanda, chakula na masomo, na kwa hayo namshukuru Mungu. Lakini jezi yangu, namba thelathini na moja, ilitundikwa dirishani kwenye duka lao. Watoto wa mji mzima waliivaa. Siku moja mama yangu, aliyekuwa akifua nguo za watu, alinishika mkono mbele ya lile dirisha. Akasema, 'Roscoe, nami nataka moja, nivae kanisani juu ya gauni langu, wacha wacheke.' Nikaingia kuomba. Muuzaji akaniambia, 'Bei imebandikwa hapo, bingwa.' Mfukoni nilikuwa sina hata nauli."

"Mama yako aliipata, Babu?" Marvella akauliza kwa sauti ndogo.

"Alikufa hajaivaa. Mwaka uliofuata goti langu likavunjika, na jezi ikatolewa dirishani. Walilijua jina langu vizuri sana lilipokuwa linauzika."

Marvella aliitazama sahani yake. Babu alipokuwa akisimulia, alimchukia yule muuzaji wa duka. Sasa alimwona upya: amesimama kwenye kona karibu na lango la uwanja, na kopo zito mkononi, na uso wake ni wa Marvella.

Akainuka. Miguu yake ilitaka kwenda uani, lakini aliilazimisha kwenda chumbani. Aliporudi aliweka mifuko mezani, na kando yake akaliweka kopo.

"Ni mimi, Kaka Jarvell. Sikukuuliza. Nilijua nilipaswa kukuuliza."

Jarvell aliokota mfuko mmoja, akaugeuza kwenye mwanga.

"Na hii pua," akasema mwishowe, "ni ya nani?"

Marvella hakuweza kucheka, na Jarvell naye alitabasamu kidogo tu. Aliuweka mfuko chini. "Ungeniuliza, Marvella. Ningekuambia kuhusu mkataba, tungecheka, yangeisha. Sasa Bi Pruitt ananiona mwongo."

"Nitakwenda mimi kwa Bi Pruitt," Babu akasema, akiitafuta fimbo yake.

"Hapana, Babu. Kosa ni langu, nitasema mimi."

"Basi nikusindikize," Jarvell akasema.

Marvella akatikisa kichwa. "Ukija, atafikiri umenifundisha la kusema."

Jumatatu, kengele ya shule ilipolia, Marvella alimkamata Lanette getini, akamweleza yote.

"Mimi nilichora tu!" Lanette akalalamika.

"Na mimi niliuza tu. Twende."

Bi Pruitt alikuwa nyuma ya kaunta, miwani imening'inia kifuani. Alimsikiliza Marvella mpaka mwisho bila kupepesa macho.

"Kwa hiyo amekutuma," akasema. "Mwanamume mzima anatuma mtoto aje amlilie."

"Hajanituma, Bi Pruitt. Na mimi silii." Akainua kidevu. "Aliniambia ya mkataba jana tu, baada ya kosa kutendeka. Ukimwadhibu yeye, utakuwa umemwadhibu asiye na hatia."

"Maneno mazuri. Ushahidi uko wapi? Picha ile inaweza kuwa imechorwa na mtu yeyote."

Marvella akamsukuma rafiki yake mbele. "Alichora huyu. Mpe karatasi."

Bi Pruitt alichomoa mfuko wa kaki chini ya kaunta, akautupa mezani. "Chora."

Lanette akatoa kalamu zake za rangi. Ukaja uso, likaja sikio lenye umbo la kijiko, na mwishoni ikaja pua ndefu iliyolala kushoto. Bi Pruitt alivaa miwani. Akaweka mfuko mpya kando ya ule wa Jumamosi ambao Marvella alikuja nao. Pua ilikuwa ileile, imelala upande uleule.

"Ee Bwana," akasema, na midomo yake ikawa inapigana na kicheko. "Kwa pua hii hata mama yake mzazi asingemtambua."

Lakini kicheko hakikudumu. Aliinama juu ya kaunta mpaka macho yake yakawa sawa na ya Marvella.

"Sikiliza, binti. Mimi si tajiri. Kila mwezi natoa fedha zinazonitoka kwa jasho, nampa yule kijana, kwa sababu picha yake inaniletea wateja. Hiyo ni haki yake. Wewe ulikichukua bure kitu ambacho mimi nakilipia. Umetuibia watu wawili kwa kalamu za rangi."

"Ndiyo, Bi Pruitt. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini Jumamosi ijayo utauza palepale, kwenye kona ileile, mifuko isiyo na picha. Anayekuuliza iko wapi namba nane, utamweleza ukweli kwa mdomo wako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Bi Pruitt akachukua simu. "Jarvell? Ni mimi. Mkataba upo palepale. Na wewe ndiye wa kunisamehe, nilikuita mwongo. Hapana, hawajalia. Huyu muuza karanga ana shingo ngumu, angefaa kucheza mpira."

Jioni hiyo Marvella alimpa Jarvell kopo lote. Jarvell alitoa humo gharama ya karanga, chumvi na gesi, akamrudishia. "Hii ni yenu. Mlichemsha wenyewe." Kilichobaki alikitia mfukoni bila kubembelezwa, na Marvella aliona ni sawa. Kopo lilirudi chumbani likiwa jepesi, na tarumbeta likarudi mbali.

Jumamosi ilikuwa ndefu. "Iko wapi namba nane?" aliuliza yule mtu mwenye kofia ya timu.

"Niliitumia bila ruhusa yake, bwana. Zake ziko kwa Bi Pruitt, njia panda. Hizi ni za kwetu. Onja moja."

Wengine walicheka. Wengine walikwenda zao. Mwuza soda wa meza ya pili akamkejeli, "Leo umekuwa mchungaji, unahubiri badala ya kuuza!" Jua lilimchoma utosi, lakini Marvella hakuondoka. Alimenya karanga moja baada ya nyingine, akawanyooshea wapita njia. Yule mwenye kofia alionja, akasimama, akatafuna polepole. "Alaa! Mbona wiki ile sikujua kama ni tamu hivi?" Akanunua miwili. Baada ya muda akarudi na shemeji yake. Mifuko haikuisha siku ile, lakini meza haikubaki imejaa.

Jioni, wakikunja meza, Lanette aliitazama mifuko isiyo na picha iliyosalia akashindwa kuvumilia.

"Najua sura nyingine," akanong'ona. "Namba thelathini na moja."

"Tukamwombe kwanza," Marvella akasema papo hapo.

Walimkuta Babu Roscoe barazani, goti limefungwa kitambaa cha moto. Marvella alisimama mbele yake, mikono nyuma, kama aliyesimama mbele ya mwalimu.

"Babu, tunaomba ruhusa tuchore sura yako ya ujana, na jezi namba thelathini na moja, kwenye mifuko yetu."

Babu akakunja uso kama mfanyabiashara.

"Na mimi napata nini?"

Wasichana wakatazamana. "Senti ishirini na tano kila mfuko," Marvella akasema.

"Sura kama hii? Hamsini!"

"Thelathini na tano, Babu. Naye Lanette ana chake cha kuchora."

"Sawa. Na pua inyooke." Akanyoosha mkono, wakapeana mikono. Alipouachia mkono wa mjukuu wake, macho yake yalikuwa yamelowa, ingawa alicheka.

"Sikilizeni, watoto," akasema. "Kuuza si dhambi, wala kutaka tarumbeta si dhambi. Lakini jina la mtu na jasho lake ni mali yake, kama viatu vyake vilivyo mlangoni. Ukivitaka, bisha hodi, omba, kisha mpe haki yake. Nilicheza uwanja ule miaka minne, hakuna aliyewahi kunibishia hodi. Ninyi ndio wa kwanza."

Jumamosi iliyofuata mifuko ya namba thelathini na moja ilikwenda vizuri, wazee wenye mvi walisimama, wakaitazama, wakasema, "Roscoe huyu! Nilimwona akikimbia!" Jua lilipotua Marvella alimhesabia babu yake fungu lake. Babu alilipokea kwa mikono miwili. Kesho yake, walipotoka kanisani, hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alichechemea mpaka makaburini, akaegemea jiwe la mama yake, akasema kwa sauti, "Mama, wamenilipa."