Majani Yaliyonyauka

Emerensiana na mume wake Polikarp wanaishi Matogoro. Nyuma ya nyumba wana mipichi miwili na mbuzi wawili, beberu na jike la maziwa. Maziwa hayo huyanywa mjukuu wao Noela. Mama yake Noela alifariki mtoto akiwa bado mchanga.

Mwezi wa saba, Emerensiana alipogoa mipichi. Matawi yakabaki chini, yakashinda juani. Kesho yake Polikarp aliyakuta majani yamenyauka. Akaona ni chakula cha bure. Aliyabeba, akayatupa bandani.

Hazikupita dakika nyingi, Emerensiana akapiga kelele.

"Babu Noela! Njoo! Mbuzi wanakufa!"

Beberu alikuwa ameshakufa. Jike alisimama akiyumba. Alihema upesi upesi, povu likimtoka mdomoni.

"Kuna mtu katuwekea sumu," Polikarp alisema. Alitazama nyumba ya jirani waliyegombana naye juzi.

"Usimtaje mtu!" Emerensiana alisema. "Mpigie Careen."

Careen ni mtaalamu wa mifugo. Nyumba yake haiko mbali. Alifika mbio na mkoba wa dawa.

"Shikamooni. Wamekula nini?"

Polikarp alionyesha majani. "Ila nadhani kuna mtu katuwekea sumu." Careen aliyatoa yote bandani, kisha akamchoma mbuzi sindano.

"Hakuna aliyewawekea sumu, baba. Sumu imo kwenye majani ya mpichi. Yakinyauka ndiyo hatari zaidi. Hata kiini cha ndani ya kokwa kina sumu. Noela asipasue kokwa akakila."

Polikarp aliketi chini. "Kumbe ni mimi."

"Atapona?" Emerensiana aliuliza. "Mtoto atakunywa nini?"

"Sijui, mama. Tusubiri. Maziwa ya leo msimpe."

Walisubiri. Mbuzi akapiga magoti. Emerensiana alifumba macho, akasali. Alipofumbua, mbuzi alikuwa bado anahema, ila polepole. Baadaye akasimama, akanywa maji.

"Naikata mipichi yote," Polikarp alisema.

"Usiikate, baba. Izungushie uzio. Ukipogoa, zika matawi siku hiyohiyo, shimo refu."

Wakafanya hivyo. Mwaka huo mipichi ilizaa mpaka matawi yakainama. Msimu wa kupogoa uliporudi, Polikarp alichimba shimo kwanza, ndipo akashika msumeno. Alifukia matawi, akashindilia udongo kwa miguu. Kisha alirudi akaokota jani moja lililobaki kwenye njia ya banda, akalitia mfukoni.