Chumvi Kwenye Chokaa ya Kanisa

Ukuta wa kaskazini wa kanisa kongwe ulianza kumomonyoka wiki tatu baada ya kupigwa lipu. Aliyeuharibu alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, binti wa fundi mwashi, na alikusudia.

Ukuta huo ulikuwa na alama za viganja. Waliobeba mawe ya kanisa, wanaume kwa wanawake, walikandamiza mikono yao pale lipu ya kwanza ilipokuwa mbichi. Kila ukoo ulijua kiganja chake.

Kila Jumamosi msichana alifagia kanisa na kujaza maji pipa la mafundi. Kazi ya ukarabati ilikuwa ya baba yake, mpaka fundi mwingine, waliyemwita Kidevu, alipoiambia kamati kwamba mikono ya mwenzake inatetemeka. Kamati ikaamini. Baba alipokwenda kuchukua mwiko wake, Kidevu akamwambia mbele ya watu, "Nenda kajenge mabanda, mzee. Kuku hawakagui lipu."

Watu wakacheka. Baba akachukua mwiko wake, akaondoka. Msichana hakusahau.

Baba alikuwa amemfundisha kwamba chumvi ni adui wa chokaa: huvuta unyevu, lipu ikageuka unga. Jumamosi iliyofuata msichana akamimina kilo sita za chumvi ndani ya pipa, akakoroga mpaka ikayeyuka. Kidevu akachanganyia chokaa maji yale, akazungusha lipu mpya kandokando ya viganja huku akipiga mluzi.

Lipu ilipodondoka, kamati ilimfokea Kidevu hadharani. Msichana alisimama mlangoni na ufagio wake, moyo umemtulia tuli.

"Lipu hii hata kuku wangeikataa," akamwambia Kidevu.

Kisha kamati ikamwita baba. Akaugusa ukuta, akaulamba kidogo, akatema. "Chumvi," akasema. Akasogea kwenye viganja. Chumvi ilikuwa imepenya hadi huko, navyo vilikuwa vinabanduka.

"Nani anajaza pipa?"

"Mimi, baba. Alikutukana. Nilitaka aaibike."

"Ameaibika. Lakini mwiko wake anao, kesho atapata kazi kwingine. Viganja hivi vitapata wapi mikono? Wenyewe wako makaburini. Mwanangu, nyani akikuudhi shambani, mfukuze nyani. Usichome shamba."

Msichana akakiri mbele ya kamati, akamwomba Kidevu radhi. Kidevu akaguna, "Nami ulimi wangu ulinizidi," lakini alisema akitazama chini. Kesho yake baba na Kidevu wakabandua pamoja lipu yote mbovu. Msichana aliufunika ukuta kwa vitambaa vilivyoloweshwa ili vinyonye chumvi, akivibadilisha kila jioni akitoka shule.

Ukuta ukapona. Ilichukua miezi mitano. Viganja vilikuwa arobaini na vitatu, vikabaki thelathini na vinne. Na msichana alibisha hodi kwenye nyumba tisa, moja baada ya nyingine, kuwaambia wazao wa wenye viganja kilichopotea.